Asali ya Kiwandani

Devota alikuwa akikamua divai tangu kabla hajaolewa, na Makutupora nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kusema divai yake ni mbaya. Ndiyo maana mwaka ule ulimuuma sana. Mvua ya Machi ilikataa kukatika, zabibu zikavunwa zimelowa na nusu yake mbichi, na wanunuzi waliokuwa wakija na malori miaka ya nyuma hawakuonekana. Soko sasa ni huria, walisema watu wa ushirika, kila mtu ajitafutie. Basi akajitafutia. Akakamua mwenyewe, akajaza pipa la plastiki la bluu, akalifunika kwa shuka na kungoja. Alipofunua mwezi wa sita na kuonja, uso mzima ulimkunjamana. Ilikuwa kali kama siki.

Ingekuwa ya kuuza tu angeimwaga, akalia kidogo, yakaisha. Lakini divai ile alikwisha kuiahidi. Mdogo wake Anyesi, aliyeolewa kijiji kimoja cha upande wa Mvumi, alikuwa akimwoza mwanawe wa kwanza, Fabian, na Devota alikuwa ametamka mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba kinywaji cha harusi kiko juu yake. "Mtoto wa Anyesi ni wangu," alisema. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa, na kila aliyekuwepo alijua uzito wa neno lile.

Alijaribu sukari kwenye ndoo moja. Divai ikaanza kuchemka upya, ikatoa povu, na baada ya siku chache ikarudi kule kule kwenye ukali.

Mumewe, Yotham, alikuwa akifanya kazi Kizota, katika kiwanda cha magodoro cha mfanyabiashara mmoja wa mjini aitwaye Abdulrazaki. Alipanga chumba huko huko na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Kazi yake ilikuwa kupima dawa. Povu la godoro haliumuki bila dawa, na dawa yenyewe huwa kidogo mno. Ukiimimina hivi hivi inashika mahali pamoja, godoro likaungua ndani upande huu na kubonyea upande ule. Kwa hiyo huvurugwa kwanza ndani ya maji fulani mazito, maangavu, yasiyo na harufu, ndipo ienee sawasawa. Zamani dawa ilifika kutoka nje imeshachanganywa. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, Abdulrazaki aliona nafuu kuagiza kila kitu peke yake, na yale maji mazito yakawa yanakuja kwa mapipa, safi, bado hayajaguswa na dawa. Vijana wa zamu wakagundua kwamba ni matamu. Wakayaita asali. Walichovya kidole, wakalamba, wakacheka, na hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Yotham alimkuta mkewe ameketi kando ya pipa, ameshika tama. Jumapili iliyofuata alikuja na dumu la lita ishirini limefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli.

"Nini hii?" Devota aliuliza.

"Sukari ya maji. Ndiyo wanayotia kwenye soda."

"Umeipata wapi?"

"Kwa rafiki yangu wa ghalani, mjini. Wewe onja tu."

Devota alionja kwa ncha ya kijiko. Ulikuwa utamu wa taratibu, usiokwaruza koo. Akatia kikombe kimoja kwenye ndoo, akakoroga, akaiacha ilale. Haikuchemka. Haikutoa povu. Ukali ulikuwa umejificha nyuma, na divai iliteleza mdomoni kama ile ya miaka mizuri. Alimtazama mumewe kwa furaha ambayo Yotham hakuwa ameiona siku nyingi, na dumu lote likaingia pipani.

*

Harusi ilifanyika Julai, upepo ukipuliza vumbi jekundu kutoka mashambani na watu wakiwa wamejitanda makoti na mashuka. Chakula kilipikwa na Stara, mpishi wa shughuli aliyeitwa kutoka Dodoma mjini na masufuria yake. Divai iligawiwa na Devota mwenyewe, maana Yotham hakupata ruhusa kazini. Kutwa nzima hakuketi, wala hakupata nafasi ya kunywa kikombe chake. Alishika jagi, akapita huku na huku, na kila alipopita alisikia watu wakiulizana imetoka wapi hii. Gaudence, mume wa Anyesi, ambaye kwa kawaida hakuwa mnywaji, alinyoosha kikombe mara kwa mara.

"Shemeji," alimwambia, "leo umeniaibisha. Nilidhani nimeoa kwenye ukoo wa watu wa kawaida."

Anyesi alicheka, akanywa kutoka kikombe cha mumewe. Bwana harusi alikunywa soda tu, kwa sababu wenzake walimwambia bwana harusi asilewe. Jioni divai iliyobaki iligawanywa kwenye chupa na madumu madogo, ndugu wakaenda nayo nyumbani kama shukrani. Mzee Silvano, kaka mkubwa wa Gaudence aliyesimamia shughuli yote, alipewa dumu la lita tano zima.

Kesho yake watu waliamka wakitapika. Hilo halikumshangaza mtu. Baada ya harusi watu hutapika. Lakini kutapika kukaendelea, na walipoacha kutapika wakaanza kulalamika viuno. Halafu Anyesi akamwendea dada yake, ambaye alikuwa bado hajarudi Makutupora, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Gaudence hajakwenda haja ndogo tangu juzi.

"Na wewe?"

"Mimi kidogo sana. Rangi ya chai."

Walipelekwa hospitali ya misheni kwa trekta la kijiji, wamelala juu ya magunia kwenye tela, na wengine wakafuata kwa miguu. Wodi ilijaa hadi varandani. Daktari, kijana mwembamba mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliuliza maswali yale yale kwa kila mtu. Mlikula nini? Nani alipika? Mlikunywa maji ya wapi? Akamvuta Devota kando.

"Figo zimefunga, mama. Sijui ni kitu gani kimezifunga, na bila kukijua napapasa gizani."

Watu nao walikuwa wakiuliza, kwa namna yao. Mpishi alikuwa mtu wa mbali. Mpishi hakuumwa. Mpishi alikuwa bado yupo kijijini akingoja lori la kumrudisha yeye na masufuria yake. Bibi wa upande wa bibi harusi alipofariki, wanaume walimzunguka Devota varandani.

"Wewe ulikuwa jikoni naye. Uliona nini?"

Devota alikuwa hajalala. Alikumbuka mafuta ya kupikia. "Mafuta yale yalikuwa na harufu," alisema. "Nilimwambia, akasema ndivyo yalivyo."

Ilikuwa kweli, na ilitosha. Jioni hiyo habari zilifika hospitali kwamba mgambo wamemfungia Stara katika chumba cha ofisi ya kijiji, na kwamba kabla ya kumfungia wamempiga.

Devota aliposikia alijisemea moyoni kwamba ni haki yake.

*

Yotham alifika siku iliyofuata. Habari zilikuwa zimemkuta kiwandani, naye akaondoka na nguo za kazi. Devota alikuwa nyuma ya wodi akianika shuka za Gaudence. Alipomwona mumewe alitaka kulia, lakini sura ya Yotham ilimzuia.

"Walikunywa divai ipi?" Yotham aliuliza, hata salamu hajatoa.

"Ipi tena? Ya harusi."

"Ile ya dumu?"

"Yotham, mpishi ndiye…"

"Nijibu."

"Ile ile. Kwani nilikuwa na nyingine?"

Yotham alichuchumaa pale pale kwenye mchanga, mikono kichwani. "Ile sukari haikutoka mjini," alisema. "Niliichota kiwandani. Ni ile asali. Ile tunayovurugia dawa ya magodoro."

Shuka mbichi ilikuwa bado mikononi mwa Devota. Aliitazama, akaining'iniza kwenye kamba na kuinyoosha pembe zake kana kwamba hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki duniani.

"Ulisema ya soda."

"Ningekuambia ya magodoro usingeitia. Tulikuwa tukiilamba, Devota. Wote. Hakuna aliyeumwa. Niliona unavyokaa pale kando ya pipa, nikasema…"

"Anyesi yumo humo ndani," alisema Devota. "Uso wake umevimba hata sikumtambua asubuhi."

Akamshika ukosi wa shati, akamwinua. Yotham alikuwa mkubwa kuliko yeye, lakini aliinuka na kufuata kama mtoto. Mbele ya daktari Devota hakumwachia shati mpaka alipomaliza kusema yote: maji mazito, matamu, yasiyo na harufu, lita ishirini ndani ya pipa moja.

Daktari alitaja jina la kizungu ambalo wao hawakulishika, na kwamba amewahi kulisoma, watu walikufa hivi hivi katika nchi nyingine. Sumu ile iko matumboni na kwenye damu. Kuna mashine ya kuosha damu, lakini haipo hapa, na haipo popote ambapo wangeweza kuwafikisha watu hawa wangali hai.

"Kwa hiyo?" Devota aliuliza.

"Kwa hiyo hawa tutawahudumia kadiri tutakavyoweza. Nakuuliza jambo jingine. Divai yote ilikwisha?"

Ndipo Devota alipokumbuka chupa na madumu.

Alimwacha Yotham amekaa kwenye benchi la varanda. Alipogeuka kumtazama mara moja tu, alimwona amejiinamia, na askari polisi wa zamu ya hospitali amesimama mbele yake akimsemesha.

*

Alipofika kijijini jua lilikuwa limeanza kuinama. Alikwenda kwanza kwenye ofisi ya kijiji. Watu wengi walikuwa wamekaa nje, wengine na fimbo.

"Mfungulieni," alisema.

"Nani?"

"Stara. Si chakula. Ni divai yangu."

Hakuna aliyesogea. Akarudia, safari hii kwa Kigogo, kwa sauti, ili hata wazee waliokaa mbali wasikie: divai ilitiwa kitu cha kiwandani, yeye ndiye aliyekitia bila kukijua, mumewe ndiye aliyekileta. Mwanamke mmoja ambaye mumewe alikuwa wodini alitema mate chini. Mgambo akafungua kufuli.

Stara alitoka akijifunika mtandio. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Devota alipiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, dada yangu. Mimi ndiye niliyesema habari ya mafuta."

"Najua ni wewe," Stara alisema. "Waliniambia wakati wananipiga." Akamtazama kwa lile jicho zima. "Nilipokuwa humo ndani nilikuwa nakuombea, wewe na ndugu yako. Nilidhani umesema kwa uchungu wa kuuguza. Sasa niache nipite."

Akampita. Baadaye kidogo alionekana akiyaviringisha masufuria yake hadi barabarani, peke yake, na hapana aliyethubutu kumsaidia wala kumzuia.

Devota akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alibisha hodi, akaingia, akasema maneno yale yale: "Nipeni ile divai. Ina sumu. Ni mimi niliyeitia." Kwenye nyumba moja walimpa chupa. Kwenye nyingine walimfungia mlango, kisha wakaitupa nje chupa ikapasuka kwenye mawe. Mahali pengine msichana wa rika la kuolewa alimwambia kwamba baba amekwishaimaliza jana, akauliza, "Sasa mama, atakufa?" Devota akamwambia ampeleke hospitali sasa hivi, asingoje kesho. Kila alichokipata alikimwaga kwenye shimo la takataka na kukifukia kwa mguu.

Kwa Mzee Silvano alifika mwisho. Alimkuta ameketi kwenye kiti cha kamba uani, dumu liko miguuni, kikombe cha bati mkononi. Wanaume kadhaa walikuwa wamekaa naye wakipiga soga.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu, mama wa divai."

"Nimekuja kuichukua hiyo."

"Nimesikia. Umepita kote ukikusanya." Alicheka. "Nitazame, Devota. Tangu siku ya harusi nakunywa hii, asubuhi na jioni. Nani amekunywa kunishinda mimi? Na mimi ni mzima. Nakojoa kama ng'ombe."

Wanaume wakacheka. Devota mwenyewe alichanganyikiwa. Ni kweli alikuwa mzima. Macho yake yalikuwa maangavu na sauti ilikuwa imara. Kwa nukta chache tumaini lilimpanda kifuani, kwamba labda Yotham amekosea na daktari amekosea.

"Mdogo wangu Gaudence amelala hoi," Silvano aliendelea, cheko likiwa limemwisha. "Na unakuja kuniambia ni divai, wakati mimi ninayeinywa nimekaa hapa. Umekwenda kumfungulia yule mpishi. Amekupa nini?"

"Hajanipa kitu."

"Basi toka kwangu."

Devota aliangalia dumu. Akaona kwamba maneno yamefika mwisho. Aliinama, akalipiga teke. Likaanguka, divai ikatoka kwa mikupuo na kuenea mchangani, na Silvano alipoinuka kulikamata yeye alikuwa amekwisha kulikanyaga ubavuni. Mmoja wa wale wanaume alimpiga kofi lililomwangusha. Alibaki chini palepale, akiliangalia dumu mpaka likakauka.

Usiku ule Mzee Silvano alilala bila kunywa. Kesho yake akaanza kutapika.

Daktari alieleza, baadaye, kwa yeyote aliyetaka kusikia. Pombe yenyewe huizuia sumu ile kwa muda. Anayeendelea kunywa huonekana mzima, na akiacha tu, inamshukia yote kwa pamoja. Hata kama Silvano angeendelea, angekufa, na alipoacha pia akafa. Lakini hayo ni maneno ya hospitali. Kijijini watu waliona kwa macho yao: mzee alikuwa mzima, akicheka, mpaka yule mwanamke alipoingia uani kwake na kumwaga kinywaji chake chini. Walisema amemtabania uchawi. Wengine bado wanasema hivyo.

*

Gaudence alifariki siku moja na kaka yake, wakazikwa makaburi yaliyopakana. Walikufa na wengine, wa pande zote mbili za harusi. Bibi harusi aliona ndoa yake imeanza kwa matanga yasiyokatika, na watu walipoanza kumtazama kwa jicho la pembeni, Fabian alimchukua wakahamia mjini.

Yotham alifungwa. Mahakamani hakujitetea. Alisema aliiba, na kwamba alidhani ni tamu tu. Abdulrazaki aliitwa kutoa ushahidi, akasema hakuna aliyewahi kumwambia kwamba watu wanaweza kukinywa kitu kile. Aliporudi Kizota aliweka mlango wa chuma kwenye ghala la mapipa. Kiwanda kikaendelea kumimina magodoro, na hata kijijini pale, mavuno yalipokuwa mazuri, kuna walioyanunua.

Anyesi hakufa. Figo zake zilifunguka kidogo kidogo, daktari mwenyewe akashangaa, lakini miguu ilikufa ganzi na upande mmoja wa uso ukalegea, mdomo usifumbe sawasawa. Alipotolewa hospitali Fabian alikuwa mjini kwenye chumba kimoja cha kupanga, na hapakuwa na mtu wa kumpokea ila dada yake. Devota alifunga nyumba ya Makutupora, akaliacha shamba la mizabibu ligeuke msitu, akaja kukaa kwenye nyumba ya Gaudence.

Alimlisha uji kwa kijiko na kumfuta ulipochuruzika. Alimbeba kwenda msalani. Kwa muda mrefu Anyesi hakumsemesha. Macho yake yalimfuata dada yake chumbani kote, na Devota hakujua yanasema nini. Mpaka asubuhi moja, kijiko kikiwa njiani, Anyesi alikisukuma kwa mkono na kuongea, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo.

"Ungekuja nayo kali hivyo hivyo, tungekunywa, dada. Nani angekusema?"

Devota aliweka bakuli chini. "Mimi mwenyewe ningejisema," alijibu.

"Kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu."

Anyesi alitazama ukutani. Baada ya kitambo alifungua mdomo tena, uji ukaendelea.

Mvua za Desemba ziliponyesha, ilibidi shamba la Gaudence lilimwe. Devota alichukua jembe akaenda peke yake. Watu waliokuwa wakielekea mashambani kwao walipita njia iliyokata katikati ya shamba lile. Walikuwa majirani na mashemeji, na mke wa marehemu Silvano pia alikuwa miongoni mwao. Kila kundi lilipokaribia, Devota alinyoosha mgongo, akasalimia, "Mbukwenyi." Walipita bila kuitikia. Naye akainama, akaendelea kulima, akipanda uwele kwenye mistari aliyokwisha kufungua, huku akiangalia nyumbani mara kwa mara, alikomwacha Anyesi ameketi mlangoni kwenye mkeka, asije akaanguka.